Unyumba baada ya kiharusi: mwongozo kwa wenza wawili

Kazi yangu ni mazoezi tiba. Nazunguka majumbani, Moshi mjini na vijiji vya juu kama Kibosho na Marangu, nikiwafuata waliopata kiharusi ambao kupanda daladala hadi hospitali bado ni mtihani. Ndani ya nyumba tunazungumzia mkono, mguu na fimbo. Maswali ya unyumba huja getini, mama akinisindikiza: "Samahani, kuna kitu nataka kukuuliza..." Baba naye husubiri mkewe aende jikoni kuleta chai ndipo aulize lake. Mara nyingi ni swali lile lile, wanaulizana kupitia kwangu.

Je, tendo la ndoa linaweza kukirudisha kiharusi? Tusubiri muda gani? Mbona uume hausimami? Mbona sisikii kitu upande huu? Dawa za presha ndizo zimemmaliza? Nimeyapanga majibu hapa kwa hatua, kwa ajili ya wote wawili, awe aliyeugua ni mume au mke. Someni pamoja. Kama kusoma pamoja kunaleta aibu, mmoja asome kisha amwachie mwenzake simu mezani.

Swali la kwanza nalijibu hapa hapa kwa sababu ndilo linalofunga milango mingi. Kwa mtu ambaye hali yake imetulia na presha yake inadhibitiwa, uwezekano wa tendo la ndoa kuleta kiharusi kingine ni mdogo. Nguvu inayotumika inakaribia ile ya kupanda ngazi za ghorofa mbili au kutembea kwa haraka. Kinachorudisha kiharusi ni presha isiyotibiwa, kisukari kilichoachwa, sigara, na vidonge vilivyokatishwa.

Kuhusu muda, hakuna idadi ya wiki inayomfaa kila mtu. Wapo wanaorudi baada ya wiki chache, wapo wanaohitaji miezi kadhaa. Ila kama kiharusi kilitokana na mshipa kupasuka, au ulifanyiwa upasuaji wa kichwa, au moyo nao una shida, usianze mpaka daktari aseme.

Vitu vya kuwa navyo kabla

- Dawa zote anazotumia, na kadi ya kliniki.
- Mashine ya presha, au famasi ya karibu wanakopima.
- Mito minne, angalau miwili iwe migumu. Blanketi lililokunjwa linafaa pia.
- Taulo kubwa, na mpira wa kutandika chini ya shuka.
- Jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji. Famasi kubwa za mjini wanayo.
- Njia ya uzazi wa mpango iliyo salama kwa mwenye kiharusi, kama mke bado yuko kwenye umri wa kuzaa.
- Mlango wenye komeo. Nimeona nyumba ambazo chumba cha mgonjwa hakifungwi tangu atoke hospitali, watoto wanapita, dada wa kazi anapita, jirani anachungulia.

Hatua kwa hatua

1. Pata ruhusa ya daktari, na ulize kwa maneno yaliyonyooka

Madaktari wengi hawaanzishi mazungumzo haya wenyewe. Kliniki ina foleni, na yeye anaona mzee mwenye mvi, anadhani hayo yamepita. Anza wewe. Sema hivi: "Daktari, tunataka kurudi kwenye tendo la ndoa. Presha yake inaruhusu? Na kati ya dawa hizi, ipo inayopunguza nguvu au hamu?"

Swali la pili lina maana kubwa. Baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu za kiume, hasa zile za kundi la atenolol na propranolol, na zile za kukojoza kama hydrochlorothiazide na bendroflumethiazide. Dawa za sonona kama fluoxetine zinaweza kupunguza hamu au kuchelewesha kilele, kwa mume na kwa mke. Mara nyingi daktari anaweza kubadilisha. Zipo dawa za presha, losartan kwa mfano, ambazo kwa kawaida hazina shida hiyo.

*Onyo:* usiache dawa ya presha mwenyewe ili "kujaribu kama nguvu zitarudi". Hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika mwongozo huu. Watu huacha Ijumaa wakitegemea Jumamosi, na presha ikipanda haitoi taarifa.

Siku yenyewe, pima presha. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siyo siku ya tendo, ni siku ya kwenda hospitali.

2. Zungumzeni, hata kama mmoja hawezi kusema

Nimekuta mume aliyedhani mkewe anamwonea kinyaa, kumbe mke anaogopa kumuua. Wamelala hivyo mwaka mzima. Kila mmoja aseme vitu viwili: anachokiogopa na anachokitamani. Basi.

Kiharusi kikiwa kimegusa maneno, mwenza wako anaweza kuelewa vizuri lakini asiweze kujibu, au akasema "hapana" akimaanisha "ndiyo". Uliza swali moja kwa wakati, la kujibika kwa kidole gumba juu au chini. "Unataka tulale karibu leo?" Subiri. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia, maana ubongo wake unatafuta njia. Kisha uliza kwa kugeuza: "Unapenda tuache?" Majibu mawili yakigongana, hujapata jibu. Acha, jaribu siku nyingine.

Hapa nasema wazi, kwa sababu wapo wanaodhani ndoa inafuta jambo hili. Mtu asiyeweza kusema bado ana haki ya kukataa. Akisukuma kwa mkono, akigeuza uso, akikaza mwili, hayo ni majibu. Na mke anayemuuguza mume ana haki hiyo hiyo. Ugonjwa wa mume si deni la usiku. Kama kumbukumbu au akili ya mgonjwa imeathirika kiasi kwamba hajui vizuri ni nini kinaendelea au yuko na nani, simamisheni mpango huu, muongee na daktari kwanza.

3. Tenganisheni uuguzi na unyumba

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama mtarudi au hamtarudi.

Fikiria siku ya mama mmoja wa Pasua. Alfajiri anamgeuza mumewe, anamsafisha, anabadilisha pampasi, anasaga vidonge kwenye uji, anamlisha kijiko kwa kijiko huku akifuta mate upande uliolegea. Mchana anafua mashuka. Saa tatu usiku taa inazimwa, na inatarajiwa kwamba sasa yeye ni mke na yule ni mume. Haiwezekani kwa kuzima taa. Na mume naye, aliyekuwa akifungua duka sokoni, anajiona mtoto mbele ya mkewe. Hamu ikifa katika mazingira hayo, usianze kutafuta dawa za mizizi.

Fanyeni hivi:

Kwanza, kitanda kirudi chumbani. Kwetu mgonjwa huwekwa sebuleni ili wageni wamwone, jumuiya ije kusali, mashemeji wakae naye. Wiki za mwanzo ni sawa. Lakini miezi sita baadaye bado yuko sebuleni, na mke analala na watoto. Mrudisheni chumbani, mlale kitanda kimoja. Siku za mwanzo mlale tu.

Pili, mtu mwingine achukue usafi wa mwili, hata mara mbili au tatu kwa wiki: mdogo wake, mtoto wa kiume aliyekua, kijana wa kulipwa. Hasa siku mliyoipanga, mke asiwe ndiye aliyemwogesha asubuhi. Mume anayemuuguza mke, hivyo hivyo.

Tatu, aliyeugua ajifanyie kila anachoweza kwa mkono mzima. Sehemu za siri ajisafishe mwenyewe, hata kama inachukua nusu saa na maji yanamwagika. Wataalamu wa tiba kazi wanafundisha namna ya kuoga, kuvaa na kunyoa kwa mkono mmoja.

Nne, muda wenu ukifika, badilisheni nguo. Ile kanga ya kuuguzia iende kwenye kapu. Yeye avae shati, siyo fulana ya kulalia yenye madoa ya uji. Na mbele yake muacheni kumwita "mgonjwa". Ana jina, kama ni baba Neema, ni baba Neema.

4. Pangeni saa

Uchovu wa kiharusi si uvivu. Unakuja ghafla na hauishi kwa kulala saa moja. Kwa wengi nguvu ziko juu asubuhi au baada ya kupumzika mchana, kwa hiyo wazo la kwamba tendo ni la usiku liwekeni kando. Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa wametumwa kwa bibi, ni wakati mzuri, mradi si siku ambayo kwaya inakuja kumjulia hali.

Baada ya mlo mzito, subirini saa mbili au tatu. Pombe, iwe mbege au bia, inapunguza nguvu za kiume, inaongeza kuyumba na haichangamani vizuri na dawa nyingi. Anayetumia baclofen ya kulegeza misuli amuulize daktari kama anaweza kuipanga saa ya kuinywa ili misuli iwe imelegea wakati huo. Dawa hiyo yenyewe wakati mwingine hupunguza nguvu za kiume, nalo liulizeni.

5. Andaeni mwili na chumba

Aende haja ndogo kabla ya kuanza, na apunguze kunywa saa moja au mbili kabla. Tandikeni mpira, juu yake taulo. Mkojo kidogo ukitoka, kuna taulo, maisha yanaendelea.

Mwenye mpira wa mkojo hajafungiwa mlango. Mmwage mfuko kwanza. Kwa mwanamume, mpira unakunjwa ukilala kando ya uume, kisha kondomu inavalishwa juu ya vyote, ukiachwa urefu wa kutosha usivutike. Kwa mwanamke, mpira unabandikwa kwa plasta tumboni au pajani, mbali na njia. *Onyo:* msiuchomoe wenyewe. Ndani kuna puto lililojaa maji, ukivuta unachana. Muulizeni muuguzi anayewabadilishia kama kuna namna nyingine.

Juni na Julai huku kwetu baridi ni ya kweli, na baridi hukakamaza misuli. Ogeni maji ya uvuguvugu kabla, mjifunike. *Onyo:* chupa ya maji ya moto isiwekwe upande wenye ganzi. Hatasikia akiungua. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima, au na mwenza.

6. Anzeni bila tendo lenyewe

Wiki mbili au tatu za kwanza, kubalianeni kabisa kwamba hakuna kuingiliana. Ukijua hakuna mtihani, mwili unatulia.

Laleni bila haraka, mwenza apitishe kiganja taratibu kuanzia usoni, shingoni, begani, kifuani, hadi miguuni, akiuliza: "Hapa unasikia? Hapa pakoje?" Upande dhaifu unaweza kuwa na ganzi, au kinyume chake, ukawa mkali mno kiasi kwamba shuka tu linauma. Mnatafuta mahali palipo hai. Wengi hugundua sikio, shingo au mgongo wa upande mzima pameanza kuhisi kuliko zamani. Kisha mbadilishane, aliyeugua naye aguse kwa mkono mzima. Mtu ambaye kwa miezi amekuwa akishikwa tu na watu, kupata nafasi ya kumshika mwenzake ni jambo kubwa.

Kaa upande anaouona. Kiharusi wakati mwingine hufuta nusu ya uoni, au humfanya mtu asitambue kilicho upande mmoja. Ukimgusa ghafla kutoka upande huo atashtuka, nawe utadhani amekukataa.

7. Chagueni mkao unaobeba uzito mahali pengine

Kanuni ni mbili. Uzito usibebwe na upande dhaifu, na mkono uliopooza usivutwe kamwe. Bega la upande huo limeshikiliwa na misuli iliyolegea. Ukimwinua mtu kwa kumvuta mkono, bega linateguka na maumivu yake hukaa miezi. Mgeuzeni kwa kushika nyonga na bega lenyewe, kutoka nyuma ya bapa la bega.

*Ubavu.* Wote mlale mkitazama upande mmoja, mwanamume nyuma. Huu ndio ninaowapendekezea wengi kuanza nao, kwa sababu kitanda ndicho kinachobeba kila kitu. Aliyeugua anaweza kulalia upande dhaifu, maana hapo kitanda kinaubeba na mkono mzima unabaki huru. Ila bega livutwe mbele kidogo asililalie moja kwa moja. Likimuuma, alalie upande mzima na mkono dhaifu upumzike juu ya mto mbele yake. Mto mwingine kati ya magoti.

*Chali.* Aliyeugua chini, mto chini ya bega na mkono dhaifu, mwingine chini ya goti ili mguu usiangukie nje. Mwenza juu, akijibeba kwa magoti na mikono yake. Wapo wanaume wa kwetu wanaoona mkao huu unawashushia hadhi. Kwa hilo sina dawa ya hospitali, ila nimeona walioukubali wakiacha kulalamika.

*Ukingoni mwa kitanda.* Unafaa mke akiwa ndiye aliyeugua: amelala chali nyonga zikiwa ukingoni, miguu imekanyaga stuli au sakafu, mto chini ya mguu dhaifu, na mume amepiga magoti au amesimama.

*Kwenye kiti.* Kiwe cha mbao, kizito, kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani. Kiti cha plastiki hapana. Miguu yake inafunguka, na sakafu ya saruji haina huruma.

Godoro lililobonyea katikati linamfanya mtu ashindwe kujigeuza. Ligeuzeni juu chini, au lala upande ule ambao bado mgumu.

8. Uume usiposimama, au uke ukiwa mkavu

Kwa mwanamke, ukavu ni wa kawaida baada ya kiharusi, dawa na umri. Jeli ya maji inatosha, na muda mrefu zaidi wa kupapasana. *Onyo:* mafuta ya nazi, Vaseline na losheni huharibu kondomu za mpira. Kama mnatumia kondomu, jeli ya maji tu.

Kwa mwanamume, anzeni kwa kutafuta chanzo: dawa (rudi hatua ya 1), kisukari, sonona, sigara, hofu. Angalia kama uume unasimama wenyewe alfajiri. Ukisimama, mishipa kwa sehemu kubwa inafanya kazi, na tatizo mara nyingi ni hofu.

Vidonge vya sildenafil, vya kusaidia uume kusimama, vipo, na baadhi ya waliopata kiharusi wanaweza kuvitumia, lakini kwa cheti cha daktari. Kiharusi kikiwa hakijafikisha miezi sita, kwa kawaida havitolewi. Kwa anayetumia dawa za moyo za kundi la nitrate, kama isosorbide au kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapouma, ni marufuku kabisa: presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Anayetumia dawa za tezi dume amwambie daktari pia. Kidonge humezwa kama saa moja kabla, hakifanyi kazi bila msisimko, na chakula chenye mafuta mengi hukichelewesha. Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulegea, nendeni hospitali usiku huo huo.

Vumbi la Kongo, mizizi ya barabarani, kahawa za "kuongeza heshima": acheni. Hakuna anayejua kilichomo wala kipimo chake, na baadhi ya dawa hizi za kienyeji zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa hiyo hiyo ya hospitalini kimyakimya. Mtu wa presha na nitrate anameza asichokijua.

9. Mkimaliza

Pumzikeni pamoja. Moyo kwenda mbio na pumzi kupanda ni kawaida, na vinapaswa kutulia ndani ya dakika chache. Aliyeugua akiinuka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Dawa za presha hufanya kichwa kizunguke ukisimama ghafla, na safari nyingi za kuanguka hutokea kati ya kitanda na choo. Mwanamke akojoe baada ya tendo, inaweza kusaidia kupunguza maambukizi ya njia ya mkojo.

Uzazi wa mpango: msiliruke hili

Mwanamke aliyepata kiharusi asitumie vidonge vya mpango vyenye homoni mbili, vile vyenye estrojeni, kwa sababu vinaongeza uwezekano wa damu kuganda. Sindano ya miezi mitatu nayo kwa kawaida haipendekezwi kwake. Kitanzi cha shaba na kondomu havina homoni. Kijiti kinaweza kufaa, mtoa huduma akijua historia yako. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, kwa sababu kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu ya hedhi.

Na kama mnataka mtoto, mwone daktari kabla ya kushika mimba. Warfarin, pamoja na dawa za presha kama enalapril, captopril na losartan, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Zinabadilishwa mapema, haziachwi kwa kuamua nyumbani.

Mambo yakienda kombo

*Mguu au mkono unakakamaa katikati ya tendo.* Simameni. Usiukunjue kwa nguvu. Ubembeleze taratibu, ushikilie, subiri ulegee. Badilisheni mkao.

*Analia au anacheka ghafla bila sababu.* Kiharusi kinaweza kulegeza breki za hisia. Kilio hicho mara nyingi hakina uhusiano na ulichofanya. Muulize tu kama muendelee, na mwambie daktari, maana kuna dawa.

*Hamu imekwisha kabisa, hata ya chakula na maongezi.* Hiyo ni dalili ya sonona, nayo hutokea kwa wengi baada ya kiharusi. Inatibika. Akisema afadhali afe, usisubiri tarehe ya kliniki.

*Hamu imezidi, anashikashika watu au kusema maneno mazito mbele ya wageni.* Si wengi, lakini yapo, na familia huyaficha kwa aibu. Ni ubongo ulioumia mahali pa kujizuia. Mwambie kwa sauti tulivu, kwa kifupi, "Hapana, siyo sasa," ondoa mkono, badilisha shughuli. Usimcheke wala usimpige. Dada wa kazi asiachwe peke yake kumwogesha. Mjulishe daktari.

*Mke ndiye aliyeugua na mume ameanza kulala nje.* Nalisema kwa sababu naulizwa. Mkirudiana, pimeni VVU wote wawili kwanza, na kondomu itumike hadi majibu yatoke. Mengine ni ya kuzungumza na mtu mnayemheshimu, awe mchungaji, sheikh au mshenga wenu, mradi asiwe mtu wa kumwambia mama kwamba avumilie tu.

*Kichwa kinauma.* Maumivu madogo yanayopita, pumzika, pima presha. Maumivu makali ya ghafla, kama ambayo hajawahi kuyapata, ni dharura.

*Dharura zingine:* mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu upya, maneno kuvurugika, kifua kubana, pumzi kutotulia, kuzimia. Acheni kila kitu, tazameni saa dalili ilipoanza, tafuteni gari. Usimpe maji wala kidonge chochote mdomoni, anaweza kupaliwa. Usimpakie kwenye bodaboda. Na mkifika mapokezi, semeni ukweli mlikuwa mnafanya nini na kama alimeza kidonge cha nguvu, kwa sababu daktari anaweza kutaka kumpa nitrate.

Pa kwenda

Moshi kuna hospitali za KCMC na Mawenzi. Arusha kuna Mount Meru. Ulizieni kliniki ya presha, na idara ya mazoezi tiba na tiba kazi. Swali hili msilitoe dirishani watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yenu. Mwambie muuguzi anayepima presha kwamba mna swali la faragha, muingie kwa daktari wawili. Akicheka au akisema "umri wenu huu bado?", ombeni mwingine. Bebeni dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za kienyeji ambazo mlipanga kutozitaja.